Barabara ya Magadi kwa Baiskeli: Maji Ndiyo Yanayopima Safari

Ukitoka Nairobi kwa baiskeli ukapita Ongata Rongai na Kiserian, utafika mahali ambapo barabara inakata bega la vilima vya Ngong na ghafla nchi yote inaporomoka mbele yako. Mahali hapo panaitwa Kona Baridi, na aliyepaita hivyo hakukosea: upepo wake ni wa kuvaa sweta. Uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbele, baada ya zaidi ya kilomita 70 za lami, kuna Ziwa Magadi, kama mita 600 tu juu ya bahari. Magari ni machache, mbuzi ni wengi, na mvutano wa dunia uko upande wako. Kama unatafuta njia tulivu inayoanzia mlimani na kuishia nusu jangwa, ni vigumu kupata nyingine nzuri hivi karibu hivi na jiji kubwa.

Ila ina ujanja wake. Anayepanda mlima hukutana na ugumu kwanza: anapanda akiwa na nguvu, na akichoka anageuka na kuteremka. Hapa mambo yamepinduliwa. Unaanza na baridi, chupa zimejaa, miguu haifanyi kazi, na kila kilomita inayopita kirahisi unaiongeza kwenye deni la kulipwa jioni, juani, kwa kupanda. Watu huhesabu deni hilo kwa miguu: je, nitaweza kupanda? Mimi nasema lihesabiwe kwa lita za maji. Hebu tufanye hesabu pamoja.

Kwanza kuhusu utulivu wenyewe, maana si bahati tu. Barabara hujaa magari inapounganisha miji miwili mikubwa. Hii haiunganishi chochote. Lami inaishia Magadi, na zaidi ya hapo ni njia za vumbi kuelekea Shompole na Nguruman. Hata mzigo mkubwa wa eneo hilo, yaani magadi yenyewe, ulijengewa njia yake zamani: Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na reli ya kutoka Konza hadi ziwani ikakamilika mwaka 1915, bila kupita Ngong kabisa. Kwa hiyo ukitafuta njia tulivu kwenye ramani, iwe Kenya au kwingine, tazama lami inayokwenda mahali pamoja na kuishia hapo. Malori hayakosi kabisa, kwa hiyo usiendeshe ukiwa umeziba masikio kwa muziki.

Sasa joto. Kwa nini Kona Baridi ni baridi na Magadi ni tanuri, ilhali jua ni lile lile na umbali ni mwendo wa asubuhi moja? Jibu unalo kwenye mzigo wako: pampu. Jaza upepo kwenye tairi kwa nguvu, kisha gusa sehemu ya chini ya pampu. Ni moto. Msuguano umechangia kidogo, lakini sehemu kubwa ya joto hilo inatokana na hewa kubanwa. Hewa inayoshuka kutoka vilimani kwenda bondeni hupatwa na jambo hilo hilo, kwa sababu kadiri inavyoshuka ndivyo hewa iliyo juu yake inavyozidi kuwa nzito na kuibana. Hewa kavu ikishuka mita 1,000 hupata joto kwa karibu nyuzi 10. Kwa wastani, ukichanganya siku zote na hali zote za hewa, tofauti ni kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000.

Tofauti ya kimo kati ya Kona Baridi na Magadi ni kama mita 1,400. Kwa hiyo kukiwa na nyuzi 20 pale juu, tarajia kati ya 29 na 34 kule chini, na mchana mkavu wenye jua kali hukaa upande wa namba ile kubwa. Hiyo ni joto la kivulini. Lami haina kivuli.

Ukavu nao una sababu yake. Kaskazi na kusi zote hutoka upande wa Bahari ya Hindi. Zikifika nyanda za juu zinalazimika kupanda. Zikipanda zinapoa, unyevu unageuka mawingu, na mvua inanyesha upande wa Ngong na Nairobi. Hewa inayovuka na kuteremka bondeni imeshaacha sehemu kubwa ya maji yake nyuma, kisha inapashwa moto njiani. Ndiyo maana ndani ya saa chache za kuendesha unaondoka kwenye mashamba ya mboga na kuingia kwenye migunga na vumbi jeupe. (Miiba ya migunga, kwa njia, haina huruma na tyubu. Beba mbili za akiba pamoja na viraka na gundi. Pancha mbili kabla ya chakula cha mchana ni jambo la kawaida.)

Jambo lingine ambalo mwangalio wa kutoka Kona Baridi haukuonyeshi: huteremki moja kwa moja. Bonde la Ufa si bakuli. Ganda la dunia hapa linavutwa kuelekea mashariki na magharibi, likakatika vipande virefu vya mawe ya volkano, vingine vikazama, vingine vikabaki juu. Nyufa hizo zimepangana kaskazini hadi kusini kama ngazi zilizovunjika, na barabara yako inazikata kwa mshazari. Ndiyo sababu baada ya Kisamis na Oltepesi unashuka, unapanda kidogo, unashuka tena. Vile vipande vya kupanda wakati wa kwenda utaviona kama utani. Kwenye kurudi, kila mteremko ulioufurahia utakuwa mlima, na vile vidogo ulivyopanda havikupunguzii deni hata kidogo.

Tuingie kwenye mteremko wenyewe. Tuseme wewe, baiskeli na mzigo mna kilo 100, na barabara inashuka mita 6 kwa kila mita 100. Ukitaka kubaki kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa, breki zako zinameza takriban wati 240 bila kupumzika. Hiyo ni kama robo ya pasi ya umeme, imebanwa kwenye rimu mbili nyembamba. Kwa breki za rimu, joto hilo linahamia kwenye tairi, hewa ya ndani inatanuka, na ukiwa na bahati mbaya tyubu inapasuka ukiwa kwenye kona. Sasa achia breki kwenye barabara iliyonyooka na kavu: mwendo ukipanda, ukinzani wa hewa unakua kwa kasi kuliko mwendo wenyewe, na kwa mzigo huo huo utaishia kama kilomita 50 kwa saa ukikaa wima. Pale hewa ndiyo breki, tena haichemki. Kwa hiyo kaa wima, kifua mbele kama tanga, acha hewa ifanye kazi mahali unapoona mbali, halafu funga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona. Kushikilia breki kidogo kidogo kilomita nzima ndiyo namna mbaya kuliko zote. Na ukiona mbuzi upande mmoja wa barabara na mchungaji upande wa pili, jua mbuzi watavuka.

Upepo huo wa mteremkoni ni mzuri, lakini unakuibia. Ngozi yako hutoa jasho hata ukiwa hukanyagi sana, na kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa katika hewa kavu, jasho linakauka kabla hujalihisi. Shati ni kavu, huna kiu, unajiona sawa. Kumbe chumvi nyeupe kwenye kamba za mkoba ndiyo risiti ya maji yaliyokwisha kwenda. Wengi hufika Olorgesailie chupa ya pili haijafunguliwa na wanajisifu kwa hilo. Ni kosa. Kule chini maji yaliyo tumboni yana faida kuliko yaliyo kwenye chupa.

Haya, kupanda. Kuinua kilo 100 kwa mita 1,400 kunahitaji kazi ya takriban kilojuli 1,370, ambazo ni kilokalori 330 hivi. Inaonekana ndogo, si ndiyo? Kama chapati moja kubwa. Lakini misuli ya binadamu ni injini inayovuja: kati ya nishati inayochoma, kama robo tu ndiyo inakuwa kazi kwenye kanyagio, na robo tatu inabaki mwilini kama joto. Kwa hiyo kila kilojuli moja ya kupanda inakuja na nyingine tatu za joto. Kwa kupanda peke yake, mwili wako unabaki na kilojuli zaidi ya 4,000 za joto ambazo lazima zitoke.

Zitatokaje? Pale Kona Baridi, hewa baridi ingezichukua yenyewe. Kule Magadi mchana, hewa inaweza kuwa na nyuzi 35 na zaidi, yaani joto sawa na la ngozi yako au kulizidi. Upepo wa nyuzi 38 hauichukulii ngozi joto, unaiongezea. Njia moja tu inabaki wazi: jasho likauke. Lita moja ya jasho ikikauka kwenye ngozi inaondoka na kilojuli karibu 2,400. Gawanya: kupanda kwenyewe kunagharimu kama lita 1.7. Ongeza msuguano wa tairi na ukinzani wa hewa kwa kilomita 70 na kitu, na hapo utapata lita nyingine moja na kidogo. Tuko kwenye lita 3, na bado hatujaweka jua linalopiga mgongo, lami inayorudisha joto kutoka chini, vile vimlima vya kuficha, wala jasho linalodondoka chini bila kukauka, ambalo halipozi kitu. Kwa safari ya kupanda ya saa sita au saba, ningehesabu lita 5 na nisione aibu.

Angalia pia mwendo. Kwenye mlima wa asilimia 6, mtu wa kawaida anayetoa wati 100 anakwenda kama kilomita 5 na nusu kwa saa, kasi ya mtu anayekwenda sokoni kwa miguu. Upepo ule uliokupoza wakati wa kushuka haupo tena. Na upepo wa asili ukikufuata nyuma kwa mwendo huo huo, unapanda ukiwa ndani ya hewa iliyotulia kabisa, umezungukwa na joto lako mwenyewe. Upepo wa nyuma, ambao kila mwendesha baiskeli anauombea, hapa unaweza kuwa adui.

Sasa ndiyo nifike kwenye hesabu ninayoipenda kuliko zote. Watu wengi hupunguza maji ili baiskeli iwe nyepesi wakati wa kupanda. "Lita 5 ni kilo 5, nitazibebaje?" Tuzipime. Kuinua kilo 5 kwa mita 1,400 ni kazi ya kilojuli 69 hivi. Zidisha kwa tatu upate joto: kilojuli 206. Gawanya kwa 2,400. Unapata lita 0.09. Yaani kubeba lita 5 za maji kutoka Magadi hadi Kona Baridi kunakugharimu nusu kikombe cha chai cha jasho, na hiyo ni kama hutakunywa hata tone njiani. Ukinywa, mzigo unapungua na gharama inashuka zaidi. Maji yanajilipia nauli yenyewe na kukurudishia chenji kubwa. Punguza nguo, punguza vyuma vya kupikia, acha kufuli kubwa nyumbani. Maji usiyaguse.

Na utayapata wapi? Hapa ndipo jangwa linapokuwa jangwa. Kisamis kuna maduka, na vituo vidogo vya njiani huuza maji ya chupa na soda, ila usitegemee kila duka kuwa wazi. Olorgesailie kuna eneo la makumbusho, mahali Louis na Mary Leakey walipochimba tangu miaka ya 1940 na kufukua mashoka ya mawe kwa mamia. Yale matabaka meupe unayoyaona pale ni mabaki ya ziwa la kale. Waliotengeneza mashoka hayo waliishi kwa kufuata maji. Kuna mabanda na mahali pa kupiga kambi, lakini ziwa lao lilikauka zamani, kwa hiyo nenda na maji yako. Magadi mjini kuna maduka tena.

Kati ya hapo kuna maboma ya Wamaasai, na watu wa huko ni wakarimu. Ukisalimia "Sopa" utaitikiwa "Epa," na ukiomba maji huenda ukapewa. Lakini fikiria kwanza mtungi huo umetoka wapi. Mara nyingi umeletwa na punda na mama mmoja, mwendo wa saa nzima au zaidi. Kama ni dharura, omba. Maisha ni maisha. Kama ni kwa sababu hukutaka kubeba kilo mbili zaidi, basi umemhamishia mama huyo mzigo wako.

Ziwa lenyewe halitakusaidia. Sehemu kubwa ya Ziwa Magadi si maji bali ganda la magadi, yale yale ambayo jikoni hulainisha maharage na kunde. Ni karboneti ya sodiamu, kali kwa ngozi na kwa tumbo. Chemchemi zinazolilisha ni za moto, nyingine huzidi nyuzi 80, na maji yake ni ya magadi pia. Hata hivyo kuna kiumbe kinachoishi humo: samaki mdogo wa jamii ya perege, ambaye badala ya kutoa amonia kama samaki wengi, hutoa urea, kama wewe na mimi. Katika maji makali namna ile amonia isingetoka mwilini mwake. Inafaa kusimama ukamtazame. Chupa usiijaze hapo.

Tumesema sana juu ya maji, sasa tuseme juu ya kuyazidisha. Jasho lina chumvi, na anayetoka jasho saa sita huku akinywa maji matupu kupita kiasi anaweza kuizimua damu yake. Sodiamu ikishuka mno, maji huingia kwenye chembe za mwili, zikiwemo za ubongo, na ubongo hauna nafasi ya kuvimba ndani ya fuvu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na aliye pembeni anaweza kudhani ni kiu akazidi kummiminia maji. Kwa hiyo kunywa kadiri ya kiu na kidogo zaidi, na kula vitu vyenye chumvi: njugu, viazi, chapati na mayai. Unaweza pia kuchanganya yale maji ya chumvi na sukari ambayo kila zahanati inayafahamu: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Sukari haipo kwa ajili ya utamu tu. Kwenye utumbo, sodiamu na glukosi hupita pamoja mlango mmoja, na maji hufuata nyuma yao.

Hatari kubwa zaidi ni joto lenyewe kuushinda mwili. Mwenzako akianza kuyumba barabarani, kujibu maswali ovyo, kuwa mkali bila sababu au kusema anasikia baridi kwenye jua kali, safari imeisha hapo hapo. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Usisubiri gari lije ndipo uanze kumpoza. Muda ambao ubongo unakaa kwenye joto hilo ndio unaoamua madhara, na pepeo ya shati lililolowa ni dawa kuliko kuduwaa ukitazama barabara. Kama hajitambui, usimpe kitu cha kunywa mdomoni. Hii ni sababu nyingine ya kubeba maji mengi: yale ya kunywa yanaweza kuwa ya kummwagia mtu.

Ukiniuliza mimi, safari nzuri ya Magadi ni ya siku mbili. Ondoka Kiserian asubuhi, shuka taratibu, ukafike chini kabla joto halijafika kileleni, pumzika mchana wote, lala. Kesho yake uwe barabarani mara tu kunapopambazuka. Ukavu ule ule uliokunyang'anya jasho sasa unakulipa: hewa isiyo na unyevu wala mawingu haizuii sana joto la ardhi lisipande kwenda angani, kwa hiyo usiku mzima mawe na lami vinapoteza joto, na saa ya ubaridi kuliko zote huwa karibu na macheo. Usitoke gizani kabisa, kwa kuwa pundamilia na ng'ombe hawana taa. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi, unaweza kufika Olorgesailie, ambako ni karibu mita 1,000, kabla jua halijakaza, na kila mita 100 utakazopanda baada ya hapo zinakupunguzia joto kidogo, ingawa jua nalo linapanda pamoja nawe.

Ukiwa na siku moja tu, usiende hadi ziwani. Pima maji yako Kona Baridi, na theluthi moja ikiisha, geuka, hata kama uko kwenye mteremko mtamu kuliko yote na ziwa linaonekana pale. Theluthi mbili zinazobaki ni za kupanda. Au shuka hadi mwisho na upange mapema kurudi kwa matatu, baiskeli ikiwa kwenye keria. Patana na kondakta bei ya baiskeli kabla haijapandishwa juu, na uitie kitambaa mahali cheni inapogusana na mizigo ya watu.